UZI: Panga boi kwa panga boi, siku Corsair ilipoitungua Corsair

Fundi Mapanga

Wakuu, habari za jioni.

Mwaka 2016 zilipotua zile Bombardier za ATCL, shirika letu la ndege, nchi iligawanyika. Huku wanashangilia, kule wanacheka eti tumenunua panga boi, yaani ndege za propela. Mimi nilinyamaza, maana anayecheka panga boi hajawahi kukutana na habari za Corsair, ndege ya kivita ya Kimarekani ya Vita vya Pili. Leo watoto wamelala, umeme upo, acha tuongee.

Watu wanapenda kubishana ndege ipi ilikuwa kali, Spitfire au Messerschmitt, Mustang au Zero. Ni ubishi wa Simba na Yanga, hauishi. Ninaoupenda mimi ni mwingine: pande zote mbili zikiwa na ndege ya ukoo mmoja, nani anarudi nyumbani? Hapo huwezi kuisingizia mashine.

Na imetokea kweli, tena zaidi ya mara moja. Naanza na ya mwisho, 17 Julai 1969, Amerika ya Kati, El Salvador na Honduras. Siku hiyo ndiyo inayotajwa kuwa ya mwisho duniani kwa ndege za kivita za injini ya pistoni kutunguana angani. Angalieni tarehe vizuri. Apollo 11 ilikuwa imeondoka jana yake, iko njiani kwenda mwezini. Juu kule watu wanaelekea mwezini, chini huku wenzao wanafukuzana na mapanga boi.

Nakuja na sehemu ya pili. Naandika kwa simu, mnivumilie.

binti_Chumbageni

Nimeshakaa siti ya dirishani. Tiririka kaka.

Mbishi wa Buza

Usije ukatuacha hewani kama nyuzi zako nyingine. Ule wa manowari mpaka leo nasubiri sehemu ya nne.

Kocha Mchezaji

Hii si ndiyo ile vita ya mpira? Timu mbili zimechezeana rafu, nchi zikapelekeana mabomu. Washabiki wa kwetu wana nafuu jamani, sisi tunaishia kutukanana tu.

Fundi Mapanga

Ndiyo hiyo, Kocha, na jina limeiharibu. Mechi zilikuwepo kweli, za kufuzu Kombe la Dunia la 1970 Mexico. Tarehe 8 Juni 1969 mjini Tegucigalpa Honduras walishinda 1-0. Wiki moja baadaye San Salvador wakapigwa 3-0. Ya tatu ikapelekwa Mexico City mwishoni mwa Juni, El Salvador wakashinda 3-2 katika muda wa nyongeza. Fujo zilikuwepo, mashabiki walipigwa, bendera zilichanwa. Ila sababu yenyewe haikuwa uwanjani.

Mwalimu wa Kasulu

Hapo niruhusu niongeze, maana historia nimeifundisha na sisi wa Kigoma habari za watu kuvuka mpaka hatuhadithiwi.

El Salvador ni nchi ndogo iliyojaa watu, na ardhi nzuri ilikuwa mikononi mwa familia chache za kahawa. Wakulima wasio na shamba wakahamia Honduras, kubwa mara tano na yenye watu wachache. Kufika 1969 walikuwa kama laki tatu, wengine wana wajukuu waliozaliwa hukohuko. Honduras nayo wakulima wake walikuwa wanalilia ardhi. Serikali haikuthubutu kugusa mashamba ya wakubwa na ya kampuni za ndizi, ikatumia sheria ya ardhi ya 1962 kuwaondoa wageni. Mtu amelima miaka ishirini anaambiwa beba mtoto, rudi kwenu. Mpira ulikuja wakati mafuta yameshamwagika, ukawa kiberiti tu.

Kocha Mchezaji

Shikamoo mwalimu. Nimerudi darasani.

Fundi Mapanga

Asante mwalimu. Sasa tuingie kwenye bati.

Pande zote mbili zilikuwa wateja wa Marekani. Nchi nyingine zilikuwa na jeti tayari, hawa walinunua mitumba ya Vita vya Pili. El Salvador walikuwa na Corsair aina ya FG-1D, walizozipata 1957. Hizo zilitengenezwa na Goodyear, hawahawa wa matairi. Wakati wa vita kiwanda cha Vought kilielemewa na oda za jeshi la maji, Goodyear wakapewa michoro nao waunde. Juu ya hizo wakaongeza Mustang zilizofanyiwa ukarabati. Honduras walikuwa na Corsair za Vought wenyewe, F4U-4 na F4U-5, zilizoanza kufika 1956.

Corsair ukiiona huisahau. Bawa lake halinyooki, linashuka likitoka mwilini kisha linapanda, kama kunguru anayetaka kutua. Msidhani ni urembo. Injini yake ina silinda 18 zilizopangwa duara safu mbili, nguvu farasi zaidi ya 2,000. Nguvu hiyo yote lazima iishie kwenye panga, na panga likiwa dogo nguvu inapotea bure. Wakaweka panga lenye upana wa mita nne na ushee kutoka ncha hadi ncha. Likizunguka linalima ardhi! Urefushe miguu ya magurudumu? Miguu mirefu inavunjika ukitua kwa kishindo juu ya meli. Ndipo wakalikunja bawa, na miguu mifupi ikachomekwa pale kwenye kona ya chini. Mpaka leo naliona hilo ni jibu zuri kuliko mengi yaliyowahi kutolewa na mainjinia.

Silaha hazikufanana. Ya Salvador ilikuwa na bunduki sita za rashasha za inchi nusu, F4U-5 ya Honduras mizinga minne ya milimita 20. Rashasha inatoboa. Mzinga unapasukia ndani.

Dogo wa Ilala

Kaka, samahani kwa swali la kitoto. Panga liko mbele na bunduki inapiga mbele. Risasi hazikati panga?

Fundi Mapanga

Si la kitoto hata kidogo, dogo. Watu walikufa wakilitafutia jibu.

Kwenye Corsair, Spitfire na Mustang bunduki ziko ndani ya mabawa, nje ya duara la panga, kwa hiyo shida hiyo haipo. Ila mwanzoni bunduki zilikaa puani. Mwaka 1915 Mfaransa Roland Garros alifunga vipande vya chuma kwenye panga lake, risasi ikigonga iteleze pembeni. Ikamsaidia wiki chache, kisha akaangukia upande wa Wajerumani na ndege yake ikatekwa. Muda mfupi baadaye Fokker akatoka na dawa yenyewe: kifaa kinachounganisha injini na bunduki, risasi inatoka pale tu panga likiwa limepisha. Huyo Garros ndiye mwenye jina la ule uwanja wa tenisi wa Paris. Wengi wanadhani alikuwa mcheza tenisi.

Hicho kifaa kikipoteza majira hata kidogo unakata panga lako mwenyewe. Weka hilo akilini, litarudi.

Mzee wa Ngerengere

Vijana, nimesoma kimya mpaka hapa. Mimi nilikuwa fundi wa ndege miaka mingi, wapi sisemi. Mnazungumza bawa na bunduki, sawa. Niambieni habari za petroli. Injini ya silinda 18 inakunywa kama ng'ombe aliyetoka malishoni, na haitaki mafuta ya lori, inataka petroli safi ya ndege. Ndege bila petroli ni banda la kuku.

Fundi Mapanga

Shikamoo mzee. Umenitangulia, ndiyo nilikokuwa naelekea.

Vita ilianza jioni ya 14 Julai. El Salvador walirusha karibu kila walichokuwa nacho, mpaka C-47 ya mizigo ikafanywa ya mabomu. Ile Dakota ya kawaida kabisa. Inafika juu ya uwanja wa Toncontín, Tegucigalpa, watu wanayasukuma mabomu nje kwa mlango wa mizigo kwa mikono. Uwanja haukuumia sana, na ndege za Honduras zikabaki nzima.

Alfajiri iliyofuata ikawa zamu ya Honduras, na wao hawakupoteza muda kutafuta sifa. Walipiga uwanja wa Ilopango, halafu wakaenda pwani Acajutla kuchoma matangi ya mafuta. Hapo ndipo mzee alipolenga. Jeshi la ardhini la Salvador lilikuwa na nguvu, lilishaingia ndani ya Honduras na kuteka mji wa Nueva Ocotepeque. Lakini magari yanataka mafuta, na mafuta yanaungua bandarini.

Mzee wa Ngerengere

Marahaba. Sasa umesema.

Mbishi wa Buza

Tarehe 17 hiyo mkuu. Tumeshashiba bandari.

Fundi Mapanga

Haya.

Asubuhi ya tarehe 17 Corsair tatu za Honduras zinaondoka kwenda kupiga mizinga ya Salvador upande wa El Amatillo, mpakani. Kiongozi ni Kapteni Fernando Soto. Wenzake ni Edgardo Acosta na Francisco Zepeda. Njiani wanajaribu silaha, kama ilivyo ada. Za Zepeda zimekwama. Soto anamwambia ajitenge, hakuna haja ya kuingia vitani na mizinga bubu.

Zepeda akiwa peke yake zikamshukia Mustang mbili za Salvador. Fikiria: unafukuzwa na wawili, kidole kiko kwenye kitufe, unabonyeza na hakuna kinachotoka. Alichobaki nacho ni usukani na redio. Akaita. Soto na Acosta wakageuza, wakakuta mwenzao anazungushwa kama kuku anayetafutwa kwa ajili ya mgeni. Soto akaingia nyuma ya Mustang moja, akaikata bawa kwa mizinga. Rubani wake, Kapteni Douglas Varela, akafa. Ile ya pili ikaondoka. Zepeda akafika nyumbani.

Mchana wa siku hiyohiyo Soto na Acosta wakarudi tena hewani. Safari hii chini yao wakaona ndege mbili za bawa lililokunjwa. Corsair. FG-1D za Salvador.

Soto akashuka nazo. Ya kwanza ikawaka, rubani wake Kapteni Salvador Cezeña akaruka na mwavuli, akapona. Lakini ukimkodolea macho wa mbele unamsahau wa nyuma, na yule wa pili, Kapteni Guillermo Reynaldo Cortez, akawa ameshakaa mgongoni kwa Soto. Wakaanza kuzungukana, Corsair na Corsair, kila mmoja anataka mkia wa mwenzake. Soto akaigeuza ndege tumbo juu, akaiangusha nusu duara kwenda chini, akatokea nyuma. Mizinga ikapiga. Ndege ya Cortez ikalipuka angani, na yeye ndani.

Tatu kwa siku moja. Toka siku hiyo hakuna tena.

binti_Chumbageni

Nimesoma nikiwa nimeshika pumzi. Sasa swali, kaka. Ndege zinafanana, wote wanaongea Kihispania, kwenye redio hujui nani ni nani. Walitambuanaje?

Fundi Mapanga

Dada, ni mbaya kuliko unavyodhani. Tafuta bendera za nchi hizo mbili uziweke pamoja. Bluu, nyeupe, bluu. Zote mbili, kwa sababu zilitoka kwenye shirikisho moja la zamani la Amerika ya Kati. Na alama za kwenye ndege ni rangi hizohizo. Ukiwa na mwendo wa kilometa mia tano kwa saa, bluu na nyeupe ni bluu na nyeupe.

Mwalimu wa Kasulu

Shirikisho lilivunjika miaka ya 1830 na 1840. Ndugu waliogawana kanga moja wakapigana wakiwa wameivaa.

Mbishi wa Buza

Mimi sijaridhika. Umetuahidi ndege ileile, umetuletea F4U-5 dhidi ya FG-1D. Moja imeundwa baada ya vita, ina injini yenye nguvu zaidi na mizinga. Nyingine ni ya 1945 ina rashasha. Hiyo ni sawa na kuniambia Land Cruiser ya 2020 na ya 1985 ni gari moja kwa sababu zote zimeandikwa Toyota. Soto alishinda kwa mashine, tusidanganyane.

Mzee wa Ngerengere

Kijana ana hoja. Injini ya F4U-5 ina mashine za kusindilia hewa zenye uwezo mkubwa kuliko ile ya zamani. Ni ndugu yake turbo. Ukipanda juu mwenzako anakosa pumzi, wewe bado unavuta.

Fundi Mapanga

Nakubali, nusu. Ila ongezeni na haya. Marubani wa Honduras walikuwa na saa nyingi kwenye ndege zao. El Salvador hata marubani wenyewe hawakuwatosha, wakaazima wa kiraia na kukodi wageni. Na Zepeda naye alikuwa kwenye F4U-5 ileile nzuri, mizinga minne, imemsaidia nini ilipokwama?

Lakini kwa kuwa Mbishi anataka ushahidi ambao mashine mpya inapigwa na ya zamani, twende Sinai, 7 Januari 1949.

Dogo wa Ilala

Sinai tena? Hapa uzi unakwenda kuchafuka.

Fundi Mapanga

Hautachafuka. Nani ana haki na ardhi ile kuna nyuzi elfu, nendeni huko mkatoane macho. Hapa ni mapanga tu.

Mwaka 1948 Misri walikuwa na Spitfire, urithi wa Waingereza. Israel, dola ya siku chache, haikuwa na ndege ya kivita hata moja. Waliokubali kuwauzia ni Czechoslovakia. Walichouza ni Messerschmitt 109! Ndege iliyokuwa na alama ya Hitler miaka mitatu nyuma. Tena haikuwa halisi. Injini zake sahihi ziliungua kwenye moto wa ghala mwaka 1945, Wacheki wakachomeka injini ya ndege ya mabomu, Jumo, nzito na ya polepole, na panga pana kama makasia. Ikaitwa Avia S-199. Marubani wa Kicheki waliipa jina Mezek, yaani nyumbu.

Mzee wa Ngerengere atanielewa: panga zito likizungushwa upande huu, mwili wa ndege unataka kupinduka upande ule. Nyumbu huyu akianza kukimbia kwenye njia ya kurukia anavuta pembeni, ukizubaa umelala chali. Na dogo wa Ilala, ile habari ya kifaa cha majira nimesema itarudi: S-199 ilikuwa na rashasha mbili puani, na zilikuwa zinakata panga lake lenyewe.

Hata hivyo tarehe 3 Juni 1948 rubani wa Israel Modi Alon, akiwa kwenye nyumbu huyohuyo, alitungua Dakota mbili za Misri zilizokuwa zinapiga mabomu Tel Aviv. Baadaye Wacheki wakawauzia Spitfire zao pia, aina ya 9. Sasa Misri wana Spitfire na Israel wana Spitfire. Na Waingereza wenyewe, wenye kiwanda, wamekaa kwenye mfereji wa Suez na Spitfire aina ya 18, mpya kabisa, injini kubwa ya Griffon.

Mbishi wa Buza

Spitfire pande tatu??

Fundi Mapanga

Tatu. Na tayari Mei 1948 kulishatokea kituko. Spitfire za Misri zilishambulia uwanja wa Ramat David zikidhani ni wa Israel. Kumbe Waingereza walikuwa hawajaondoka! Waliokuwa wanapigwa ni Spitfire za Waingereza zilizopangwa chini kama samaki mnadani. Wamisri waliporudi mara ya pili wakakuta wenyewe wapo hewani wanawasubiri, wakaangushwa.

Sasa Januari 7. Vita inakwisha, kusitisha mapigano kumepangwa kuanza siku hiyohiyo. Spitfire nne za Waingereza zinaenda kupeleleza mpakani. Zinafika juu ya msafara uliotoka kupigwa, moshi bado unafuka, zinazunguka kuangalia. Waliokuwa ardhini hawaulizi, wanatungua moja. Zile tatu zinaendelea kumtazama mwenzao anayeshuka na mwavuli. Zikaja Spitfire mbili za Israel, aina ya 9, za zamani. Zikaangusha zote tatu.

Sikilizeni nani walikuwa ndani. Mmoja ni John McElroy wa Kanada, aliyewahi kuilinda Malta kwenye Spitfire chini ya mfalme wa Uingereza. Mwingine ni Mmarekani, Chalmers Goodlin, aliyeijaribu ile ndege ya roketi ya X-1 kabla Mmarekani mwenzake Yeager hajavunja nayo kasi ya sauti. Watu hawa walikuwa na maelfu ya masaa. Waingereza waliokuwa kwenye ndege mpya wengi walikuwa vijana wa baada ya vita, wametumwa kupiga picha.

Jioni Waingereza wakatuma kikosi kikubwa kuwatafuta waliopotea, zikiwemo na Tempest, panga boi nyingine ya kivita ya Kiingereza. Zikashambuliwa nazo, Tempest moja ikaanguka na rubani akafa. Bunduki za baadhi ya Tempest hata hazikuwa zimekokiwa. Jumla, ndege tano za Uingereza kwa siku moja, na Israel haikupoteza hata moja.

Mbishi, mashine mpya hiyo hapo. Unasemaje?

Mbishi wa Buza

Nimekaa.

binti_Chumbageni

Mbishi amekaa! Piga picha ya skrini mtu.

Mzee wa Ngerengere

Ile ya bunduki kutokokiwa imeniuma. Hilo linafanyiwa kazi chini, kabla ya kuruka.

Fundi Mapanga

Na kitu kingine, mzee. Spitfire za Waingereza zilikuwa na pua nyekundu, ile kofia ya katikati ya panga. Za Israel pia nyekundu. Mwingereza aliyeona Spitfire ya pua nyekundu inakuja nyuma yake alikuwa na kila sababu ya kudhani ni mwenzake.

Mkamba wa Athi River

Watu wangu wa TZ, nawapitia tu kutoka huku. Stori ni moto. Lakini mbona mnaenda mbali? Huku kwetu 1940 Mwitaliano alikuwa Ethiopia na Somalia, na ndege zake zilikuja kupiga mabomu hadi Malindi. Hakukuwa na mapanga huku?

Fundi Mapanga

Karibu sana ndugu. Yalikuwepo, na yalikaribiana kuliko haya yote. Mwitaliano alikuwa na Fiat CR.42, Mwingereza ana Gladiator. Zote mabawa mawili, moja juu ya jingine, nyaya katikati, magurudumu hayakunjiki. Injini zote nguvu farasi kama 840. Ukizichora kwa mkaa ukutani mtoto hatazitofautisha. Waafrika Kusini walileta vikosi vyao Kenya, baadaye zikaja Hurricane za bawa moja na mizani ikaegemea upande mmoja, kwa sababu Mwitaliano alikuwa amefungiwa. Suez imezibwa, vipuri haviji.

Rubani wao hodari kuliko wote huku, Mario Visintini, alikuwa na CR.42 Eritrea. Hakuna aliyemtungua. Februari 1941 aliingia kwenye mawingu kuwatafuta wenzake waliolazimika kutua, akagonga mlima.

Mkamba wa Athi River

Wah. Mlima ukamaliza kazi.

Mwalimu wa Kasulu

Fundi, na mimi nikupe ya ziwani kwetu. Mwaka 1964 na 1965 kule Kongo, juu ya waasi walioitwa Simba, ziliruka T-28, panga boi za mafunzo zilizovishwa silaha. Marubani wake wengi walikuwa Wakuba waliomkimbia Castro, wameajiriwa na CIA. Aprili 1965 Che Guevara akavuka ziwa kutoka Kigoma na Wakuba wa Castro, na jina alilopewa huko lilikuwa la Kiswahili, Tatu. Kwa hiyo Mkuba yuko juu na panga boi, Mkuba mwingine yuko chini msituni anamtazama.

Fundi Mapanga

Mwalimu, hapo umenipiga bao. Na hao hao walishakutana kabla, kwenye uvamizi wa Ghuba ya Nguruwe huko Cuba, Aprili 1961. Pande zote mbili zilikuwa na B-26, ndege ya mabomu ya injini mbili za panga, na wavamizi walizipaka alama za jeshi la Castro makusudi ili wachanganye watu. Castro kwa upande wake alikuwa na Sea Fury, panga boi ya Kiingereza, mojawapo ya za mwisho na kali kuliko zote. Ndiyo iliyozamisha kwa roketi meli ya wavamizi iliyobeba petroli na risasi.

Mzee wa Ngerengere

Petroli tena. Naona mmeanza kunielewa.

Dogo wa Ilala

Kaka, yule Soto aliishia wapi? Na ndege yake?

Fundi Mapanga

Soto alifariki 2006. Ndege ipo. Namba 609, imehifadhiwa makumbusho ya Tegucigalpa, palepale kwenye uwanja wa Toncontín waliosukumiwa mabomu kwa mikono.

Vita yenyewe ilisimamishwa na jumuiya ya nchi za Amerika baada ya kama masaa mia moja. Raia waliokufa ni wengi kuliko askari, na wale wakulima wa mwalimu walirudishwa kwao kwa makumi ya maelfu. Mkataba wa amani ukasainiwa 1980. Mpaka wenyewe ulikuja kuamuliwa na mahakama ya The Hague 1992.

Kocha Mchezaji

Samahani wakuu, mimi akili yangu bado iko uwanjani. El Salvador si ndio waliofuzu? Walifika wapi huko Mexico?

Fundi Mapanga

Mechi tatu. Ubelgiji 3-0, Mexico 4-0, Urusi ya Kisovieti 2-0.

Kocha Mchezaji

Hawakufunga hata la kufutia machozi?

Fundi Mapanga

Hata moja.

Mbishi wa Buza

Sawa. Sasa ule uzi wa manowari, sehemu ya nne lini?